Viumbe wa mizungu wanaotupendeza hadithini na watu wanaowaachia hasara

Mleta uzi, Mbeya mjini

Ndugu wanajukwaa, ninaleta mada ambayo imenikaa moyoni tangu tulipoanza kusoma hadithi za kwetu na za kigeni katika klabu yetu ya usomaji hapa Mbeya. Katika fasihi kuna kundi la wahusika wenye uwezo usio wa kibinadamu ambao si waovu. Wanaruka angani, wanageuza vitu, wanajua njia za kwenda nchi zisizo kwenye ramani, na kila mtoto anayewasoma hutamani wamjie usiku. Siwazungumzii wachawi wa hadithini wanaokula watu, maana hao msomaji huwajua na kujihadhari nao mapema. Nawazungumzia hawa wanaopendeza, ambao madhara yao hayatokani na chuki bali na kutojali. Hoja yangu ni kwamba madhara hayo yana chanzo kimoja: kiumbe wa namna hiyo huondoka kabla ya kuona alichokifanya, na sisi wasomaji huondoka pamoja naye kwa sababu hadithi inamfuata yeye, tukimwacha nyuma mtu aliyebebeshwa hasara.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Peter Pan, yule mvulana asiyekua ambaye J. M. Barrie alimpandisha jukwaani London mwezi Desemba 1904 na kumwandikia riwaya mwaka 1911. Wengi wetu tunamjua kwa katuni, na katuni zimempunguzia makali. Katika riwaya, watoto wa familia ya Darling wanaruka juu ya bahari kwa muda mrefu mno wakielekea kisiwani, na wakishikwa na usingizi wanaanguka. Peter huwadaka, lakini hungoja mpaka waukaribie mno uso wa maji, na Barrie anasema bila kuficha kwamba kilichomvutia ni ustadi wake mwenyewe wala si uhai wa mtoto anayeanguka. Tena, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kuchoshwa na mchezo mmoja, ilikuwapo hatari kwamba siku nyingine angemwacha aliyeanguka aende zake. Humo njiani huwatoroka kwenda kufanya vituko vyake, na akirudi huwa hawakumbuki sawasawa, hata Wendy, mkubwa wa watoto wale, analazimika kumtajia jina lake.

Huko kisiwani mambo ni mazito zaidi. Wavulana waliopotea, wale wanaoishi naye huko, wakionekana kuanza kukua, jambo lililo kinyume cha sheria zake, Peter huwapunguza. Barrie anaandika hivyo na kupita. Hasemi wanapunguzwa vipi wala wanakwenda wapi, na mimi sidhani kwamba alisahau kusema, kwa sababu ukimya huo ndio unaotuonyesha jinsi Peter mwenyewe anavyolichukulia jambo hilo. Tinker Bell, kile kijini chake cha kike chenye wivu, anawadanganya wavulana wamtungue Wendy kwa mshale akiwa angani. Anayepiga mshale ni Tootles, mpole kuliko wote, na ndiye anayebaki amefungua kifua akimwomba Peter amuue, ilhali kijini kilichomtuma kimekwisha kuruka.

Nyumbani nako mama Darling anakaa katika chumba cha watoto, dirisha limeachwa wazi usiku na mchana. Wanapokaribia kurudi, Peter anawatangulia na kulifunga dirisha hilo kwa ndani, ili Wendy akifika adhani mama yake amemfungia nje, avunjike moyo, na kurudi naye kisiwani. Kisha anachungulia, anaona machozi katika macho ya mama, anajaribu kutoyatazama, anashindwa, na mwishowe anafungua. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi. Ni mahali pachache katika riwaya nzima ambapo Peter anabaki mbele ya hasara aliyoisababisha kwa muda wa kutosha kuiona, na mara anapoiona anabadilika. Lakini hajifunzi kitu, maana hana kumbukumbu ya kuhifadhia alichojifunza.

Baada ya hapo anaahidi kumchukua Wendy kila mwaka wakati wa usafi wa majira ya kuchipua. Mwaka wa kwanza anakuja, na Wendy anagundua kwamba amekwisha kumsahau Kapteni Hook, adui yake aliyeshindwa naye, na hata Tinker Bell aliyekunywa sumu kwa ajili yake. Mwaka wa pili haji kabisa. Michael, mdogo wa mwisho, anauliza kama huenda ni mgonjwa, kisha anashusha sauti na kusema kwamba labda mtu kama huyo hayupo, na Wendy angelia kama Michael asingekuwa tayari analia. Mwaka unaofuata Peter anatokea dirishani, na jambo la kushangaza ni kwamba hajui kuwa aliruka mwaka mzima. Hakuna alichomkosea mtu kwa hesabu zake. Ndiyo maana nasema kwamba ukimwuliza kiumbe wa namna hii habari za madhara yake, atakujibu kwa moyo safi kwamba hakuna madhara yoyote.

Lipo pia jambo lililotokea nje ya hadithi. Mwaka 1928, katika utangulizi wa tamthilia hiyo ilipochapishwa, Barrie alieleza kwamba baada ya maonyesho ya mwanzo wazazi walimwomba aongeze kitu, kwa sababu watoto wengi walikuwa wamerudi nyumbani, wakajaribu kuruka kutoka vitandani, na wakahitaji kutibiwa. Ndipo akaongeza sharti kwamba hakuna anayeweza kuruka mpaka apuliziwe vumbi la majini. Mwaka uliofuata, 1929, aliitoa haki ya mapato ya kazi hiyo kwa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London. Sidai kwamba la pili lilitokana na la kwanza, ila naheshimu sana kwamba mwandishi alisikiliza habari za vitanda vile na akaibadilisha tamthilia yake.

Naomba tujadiliane.

Mchangiaji, Tukuyu

Mwalimu, shikamoo. Nimeisoma mada yako yote na ninaongeza mfano ambao sisi wakulima tunauona haraka kuliko watu wa mjini. Katika ile tamthilia ya Shakespeare ya ndoto ya usiku wa kiangazi, watu wengi humkumbuka Puck, yule mtumishi wa mfalme wa majini wa msituni, aliyepaka maji ya ua yanayomfanya mtu ampende amwonaye kwanza machoni pa kijana asiyehusika na kuwavuruga wapenzi wanne usiku kucha. Watu hucheka, na ni haki yao kucheka, ingawa Hermia, mmoja wa wapenzi hao, anaamka peke yake msituni gizani na kukuta mpenzi wake ameondoka. Lakini kabla ya hayo yote kuna hotuba ya Titania, malkia wa majini, ambayo nilipoisoma niliiweka tamthilia chini kwanza.

Titania na mumewe Oberon wanagombana kwa sababu ya kijana mmoja mtumishi. Malkia anaeleza matokeo ya ugomvi wao kwa binadamu: pepo zimefyonza ukungu wenye magonjwa kutoka baharini, mito imevunja kingo, ng'ombe amevuta nira bure, mkulima amepoteza jasho lake, nafaka imeoza ingali mbichi, zizi la kondoo limebaki tupu katikati ya mafuriko na kunguru wamenenepa kwa mizoga. Majira yamebadilishana mavazi hata watu hawajui kipi ni kipi. Halafu anasema wazi kwamba uovu huo wote umezaliwa na ugomvi wao, na kwamba wao ndio wazazi wake.

Hapa Rungwe mtu anayetegemea viazi na mahindi anajua maana ya mvua isiyokoma wakati wa kukomaa. Kwa hiyo nilisoma mpaka mwisho nikingoja kuona wakulima wale wanafidiwaje. Majini wanapatana, wanaingia katika jumba la mtawala usiku wa harusi, wanabariki vitanda vya maharusi na watoto watakaozaliwa. Kuhusu mashamba yaliyooza hakuna neno hata moja. Malkia alijua, Mwalimu, tena alisema kwa kinywa chake. Kujua peke yake hakukumfanya aache.

Mleta uzi

Marahaba, na ahsante sana, kwa sababu umeirekebisha hoja yangu mahali ilipokuwa dhaifu. Nilikuwa nimesema kwamba viumbe hawa hawaoni, nawe umenionyesha mmoja anayeona yote, anayeyataja kwa ufasaha kuliko binadamu yeyote katika tamthilia ile, na bado anaendelea na ugomvi wake mpaka utakapomalizwa kwa hila ya mumewe. Nadhani tofauti iko katika umbali. Titania anauona mto na shamba, lakini hamwoni mkulima mmoja mwenye sura na jina. Katika tamthilia nzima hakuna mkulima aliyepewa hata mstari mmoja wa kusema juu ya mazao yake, na kwa sababu hiyo hata watazamaji wanatoka wakiwa wamesahau kwamba kulikuwa na njaa.

Niongeze jambo moja juu ya wale vijana wanne. Lysander anaondolewa dawa machoni, lakini Demetrius, aliyepakwa naye ili ampende Helena, haondolewi kamwe. Anaoa akiwa bado na maji ya ua yale machoni mwake, na hadithi inaliita jambo hilo mwisho mwema kwa sababu Helena amepata alichokitaka. Katika klabu yetu wanafunzi waligawanyika vikali hapo. Wengine walisema kwamba Demetrius alimpenda Helena kabla, kwa hiyo amerudishwa tu alikokuwa. Mimi nilibaki upande wa wale waliosema kwamba mtu aliyeamuliwa moyo wake na mwingine akiwa usingizini ameibiwa kitu, hata kama kilichowekwa mahali pake ni kizuri.

Mchangiaji, Njombe

Kamwene, wadau. Mimi ni Mbena, na naona mleta uzi anakwenda mbali kutafuta mifano wakati anao Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, tamthilia ya vita vya Majimaji iliyochapishwa mwaka 1969. Huyu ni mtu anayevutia kuliko Peter Pan. Anachukuliwa na pepo Hongo, anazama mtoni, anatoka akiwa mkavu na mwenye maneno ya moto, na watu waliokuwa wamekata tamaa wanainuka. Anawapa maji, nao wanaamini kwamba risasi hazitawadhuru. Matokeo yake tunayajua, na sisi wa Njombe hatuyajui kwa vitabu tu. Mwezi Septemba 1905 watu wetu waliishambulia misheni ya Yakobi, wakapigwa kwa bunduki, na baadaye njaa iliyofuata kuchomwa kwa mashamba na maghala iliua watu ambao hawakuwahi kushika hata mkuki. Je, huyu naye si yule yule anayependeza, asiyepima, na anayewaachia wengine makaburi?

Mleta uzi

Kamwene, dada. Swali lako ni zito na nitalijibu kwa uangalifu, kwa sababu linagusa watu waliokufa kweli.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kinjikitile wa historia, mganga wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905, wiki chache tu baada ya vita kuanza, na vita vikaendelea mpaka 1907. Waliochoma mashamba walikuwa askari wa serikali ya kikoloni, na waliowafikisha watu mahali pa kupigana ni wale waliowalazimisha kulima pamba, kulipa kodi na kupigwa viboko. Sitakubali hata kidogo mzigo huo uhamishiwe kwenye maji.

Kuhusu mhusika wa tamthilia, nadhani Hussein alimwandika kinyume kabisa cha hawa tunaowajadili. Kinjeketile anawasihi watu wangoje, wasianze vita mpaka wawe na umoja na mafunzo, nao hawasikii. Anapotambua kwamba katika maneno aliyoyatoa akiwa amepagawa alitamka kwamba baada ya Mjerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said, anashtuka kuliko wote, kwa sababu anaona kwamba aliyemtuma hakuwa na nia aliyoidhani. Kuanzia hapo anabeba shaka ambayo hawezi kuwagawia wenzake. Hakimbii. Anakamatwa, anateswa, na anapoambiwa akane anakataa, akijua kwamba kukana kwake kutawafanya watakaokuja waseme vita vyenyewe vilikuwa kosa.

Ukimtafuta katika tamthilia hiyo mwenye mizungu asiyejali, nakuomba umtazame Hongo. Pepo huyo anamchukua mtu, anamjaza maneno, anamrudisha ukingoni, kisha haonekani tena. Kinjeketile anapomhitaji kuliko wakati wowote, hapati jibu lolote. Kilichobaki ni binadamu mmoja anayejibia mbele ya binadamu wenzake ahadi ambayo hakuitunga peke yake. Kwa maoni yangu hakuna mwandishi wa Kiswahili aliyeonyesha kwa ukali zaidi ya Hussein jinsi inavyokuwa kuachwa na nguvu iliyokupendeza.

Mchangiaji, Iringa

Mwalimu, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mkutubi katika shule moja hapa Iringa, na nina mambo mawili ambayo yananizuia nisikubaliane nawe moja kwa moja.

La kwanza ni hofu yangu kwamba hoja kama hizi zikifika kwa wazazi na viongozi wengine zitatumika kuwanyang'anya watoto hadithi za ajabu, ambazo tayari zinatazamwa kwa jicho baya na watu wanaodhani kila jini kitabuni ni mafunzo ya uchawi. Ninawaona watoto waliofiwa, na watoto wanaoishi bwenini mbali na kwao, wakikishika kitabu cha mvulana anayeruka na kusahau shida zao kwa saa nzima. Hiyo nayo ni faida, na iwekwe kwenye mizani.

La pili ni kuhusu chanzo ulichokitaja. Unasema madhara hutokea kwa kuwa mwenye mizungu huondoka. Sasa mtazame Huria katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Huria ni jini mwema. Adili aliwahi kumwokoa, naye anamlipa kwa kumwokoa baharini alikotupwa na ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu. Kisha anawageuza ndugu hao kuwa manyani na kumwamuru Adili awapige kila usiku, na asipofanya hivyo atapigwa yeye. Adili, liwali wa Janibu, mtu mwenye cheo na huruma, anawapiga ndugu zake huku analia, kisha anawalisha na kuwabembeleza. Huria hakuondoka. Anafuatilia, na usiku ambao Adili ameacha kupiga anakuja kuuliza kwa nini. Basi kubaki kwake kumemsaidia nini Adili?

Mleta uzi

Nianze na la kwanza, kwa sababu ninakubaliana nalo kikamilifu. Sitaki kitabu chochote kati ya hivi kiondolewe rafuni, na mtu akiutumia uzi huu kwa kazi hiyo atakuwa ameusoma nusu. Mtoto anayempenda Peter Pan na akaulizwa mama Darling alilalaje usiku ule hapunguziwi utamu wa hadithi. Nimewaona wakirudi kwenye kitabu kwa hamu zaidi, wakitafuta watu ambao walikuwa wamewapita, na baadhi yao walinionyesha sentensi ambazo mimi mwenyewe nilikuwa sijazipa uzito, kama ile ya wavulana kupunguzwa.

Kuhusu Huria umenibana, na ninaona kwamba lazima niiseme hoja yangu upya. Tatizo la Huria ni kwamba anatazama kama amri yake imetekelezwa, hatazami imemfanya nini aliyeitekeleza. Anapenda haki na anampenda Adili, na kwa mapenzi hayo anamkabidhi mjeledi mtu ambaye kosa si lake. Ndugu wanaumia mwilini, lakini anayeharibiwa kila usiku ni Adili, ambaye mchana anahukumu watu kwa uadilifu na usiku analazimishwa kuwa mtesi wa damu yake. Hali hiyo inaendelea mpaka mfalme Rai, binadamu, anapoyajua machozi ya Adili na kuingilia kati. Kwa hiyo nakubali: kukaa karibu hakutoshi. Anayehitajika ni mtu wa kuibeba habari ya aliyeumia na kuifikisha kwa mwenye uwezo, tena kwa namna ambayo mwenye uwezo hawezi kuikwepa.

Mtu huyo nimempata mahali nisipomtarajia, katika Tufani, ile tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mushi na kuchapishwa mwaka 1969. Prospero, mtawala wa Milan aliyepinduliwa na mwenye mizungu, anainua dhoruba ili kuwakamata waliompindua. Binti yake Miranda analia kwa ajili ya waliomo merikebuni, naye baba anamtuliza kwa kumwambia kwamba hakuna aliyepoteza hata unywele. Kwa miili ni kweli. Lakini mfalme Alonso anazunguka kisiwani akiamini kwamba mwanawe amezama, na huzuni ya mzazi haiwi ya uongo kwa sababu mtoto yu hai upande wa pili wa kisiwa. Anayeliona hilo ni Ariel, pepo, kiumbe wa hewa asiye na damu. Anakwenda kwa bwana wake na kumweleza jinsi wafungwa walivyo, mzee Gonzalo machozi yanamtiririka ndevuni, na anasema kwamba Prospero akiwaona sasa moyo wake utalainika. Prospero anauliza kama kweli anadhani hivyo. Ariel anajibu kwamba wake ungelainika, kama angekuwa binadamu. Baada ya maneno hayo Prospero anaachilia kisasi, na muda mfupi baadaye anaapa kuivunja fimbo yake na kukizamisha kitabu chake.

Hata hivyo Ariel hakubeba habari za wote. Caliban, mwenyeji wa kisiwa hicho, anatukumbusha mapema kwamba Prospero alipofika kisiwani alimpapasa, akampa maji yenye matunda, akamfundisha majina ya jua na mwezi, naye kwa kumpenda akamwonyesha chemchemi zote na ardhi yenye rutuba, kisha akafanywa mtumwa. Kosa alilotaka kumtendea Miranda ni kubwa na silifuniki. Lakini yeye pia alivutwa na mwenye mizungu, na hakuna pepo aliyemwombea. Prospero anamkiri kuwa ni wake, anasamehe, na kujiandaa kwa safari ya kurudi Milan. Shakespeare hasemi kama Caliban anapanda merikebu pamoja nao au anabaki kisiwani peke yake. Tutaisoma tamthilia hiyo klabuni muhula ujao, na dada yangu wa Iringa, kwa kuwa wewe ndiye uliyeniletea Huria, ningependa kujua wewe ungemweka wapi.

Mchangiaji, Iringa

Ningembakiza kisiwani, Mwalimu, kwa sababu ni chake tangu kwa mama yake. Lakini ningemtaka Prospero akae siku moja zaidi kabla ya kutweka tanga, aende naye kwenye chemchemi zile alizoonyeshwa, na amsikilize mpaka amalize.